Kompyuta ya Nyumbani Ikigoma Kuamka: Hatua kwa Hatua, kwa Mazingira ya Mwanza

Umeiacha kompyuta kidogo ukaenda kuepua chai au kumfungulia mgeni geti. Umerudi, umegusa mausi, kioo kimebaki cheusi. Au kioo kimewaka lakini mausi haitembei, waifai haipo, sauti haitoki. Au imeamka vizuri kabisa, ila kila ulichokiacha wazi kimetoweka. Wengi wetu hapo hapo hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime kwa nguvu. Naomba usianze na hilo. Kazi ambayo hukuihifadhi bado inaweza kuwa hai mle ndani, na mara nyingi kilichogoma ni kioo peke yake.

Mwongozo huu ni wa kompyuta za Windows 10 na Windows 11, ambazo ndizo zimejaa majumbani kuanzia Igoma mpaka Kirumba. Maelekezo mengi yanayosambaa mtandaoni yanachukulia kwamba umeme upo muda wote. Huku kwetu umeme hukatika, hurudi ukiwa mdogo, halafu hupanda ghafla, na hilo linabadilisha hata mpangilio wa hatua za kufuata.

Kompyuta inalalaje

Kuna namna mbili kuu. Ukichagua "Sleep", mashine inazima karibu kila kitu: kioo, diski, feni. Kinachobaki kikipata umeme ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ambamo kazi zako zote zilizo wazi zimekaa. Ndiyo maana inaamka haraka. Lakini RAM haishiki kitu bila umeme. Ukikatika kufumba na kufumbua, vilivyokuwamo vimekwenda.

Ukichagua "Hibernate", vilivyomo kwenye RAM vinanakiliwa kwanza kwenye diski, ndani ya faili liitwalo hiberfil.sys, kisha mashine inazima kabisa. Ukiiwasha inavisoma upya na kukurudisha pale pale ulipoishia. Inachukua muda zaidi, hasa kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, lakini umeme ukatike usiku kucha au uniti za LUKU ziishe saa nane za usiku, kazi yako ipo.

Laptopu ina betri, kwa hiyo Sleep haiitishi sana maadamu betri ni nzima. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuishikilia. Ukiilaza kwa Sleep bila UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika), umeitua ndoo ya maji ukingoni mwa jiwe: pengine itakaa hapo mpaka asubuhi, pengine haitakaa. Kompyuta nyingi za mezani zina mpangilio wa kati uitwao "Hybrid sleep", ambao unaiacha kazi kwenye RAM na wakati huo huo unaweka nakala kwenye diski. Ukiwa nao, umeme ukikatika kazi inarudi kutoka kwenye diski. Tatizo ni kwamba mashine nyingi za mtumba zimepita mikononi mwa watu wengi, na huwezi kujua nani alizima nini mpaka uangalie.

Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina namna ya tatu. Neno kwenye menyu ni lile lile, "Sleep", ila mashine inalala nusu macho: inazima kioo kama simu inavyofanya, huku ndani ikiendelea kushusha apdeti na kupokea ujumbe. Hiyo ina matatizo yake, nitayaeleza mbele.

Anza na Caps Lock

Kabla ya jambo lolote, bonyeza Caps Lock mara kadhaa ukiangalia taa yake. Kama kibodi yako haina taa hiyo, tumia Num Lock. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinakuambia uelekee wapi.

Taa ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, Windows iko macho. Kazi yako ipo. Kilichobaki ni kukiamsha kioo. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Utasikia mlio mfupi au kioo kitamulika, kwa sababu umeiambia Windows ianzishe upya draiva ya picha (draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa fulani), na hakuna programu itakayofungwa. Subiri sekunde chache. Kama bado, jaribu Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja.

Kwa kompyuta ya mezani, angalia taa ya monita. Ikiwa ya njano au ya machungwa, au inamulika taratibu, monita inapata umeme ila haipati picha. Izime monita kwa kitufe chake, hesabu mpaka kumi, iwashe. Ukandamize waya wa HDMI au VGA pande zote mbili. Pitia menyu ya monita uhakikishe imechagua tundu ambalo waya umechomekwa, maana baadhi ya monita zikikosa picha kwa muda huhamia tundu jingine.

Kwa laptopu, chomeka waya wa HDMI kwenye runinga ya sebuleni. Mara nyingi picha hujitokeza yenyewe. Isipotokea, bonyeza Windows na P, kisha mshale wa chini na Enter, ukirudia mpaka itokee. Ukishaiona, hifadhi kazi yako kwanza. Mengine yatasubiri.

Taa ya Caps Lock isipobadilika kabisa, mashine imeganda, au bado inasoma kazi yako kutoka kwenye diski. Tazama kitaa cha diski kwenye kasha. Kikimetameta, iache dakika tatu nne. Kama kimenyamaza au kimewaka mfululizo bila kupepesa, sasa ndipo unaposhikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi au zaidi mpaka izime.

Kusipokuwa na taa yoyote na feni haizunguki, tatizo lako ni la umeme. Ruka mpaka sehemu ya umeme.

Ukishaizima kwa nguvu

Iwashe, hifadhi kila unachoweza, kisha fanya jambo ambalo watu wengi hulikosea: chagua "Restart", si "Shut down". Tangu Windows 8 kuna mpangilio unaoitwa "Fast startup". Ukibonyeza Shut down, Windows haizimi kabisa. Moyo wake na draiva zake zinawekwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Draiva iliyokuwa imevurugika inalazwa ikiwa imevurugika na kuamshwa hivyo hivyo. Mtu anazima jioni, anawasha asubuhi, anasema "nimeshazima na kuwasha, bado", kumbe hajaizima. Restart ndiyo inayoanzisha kila kitu upya. Ukitaka kuzima kwa kweli, shikilia Shift unapobonyeza Shut down.

Kwa kompyuta inayosumbua kila ikiamka, nashauri Fast startup izimwe moja kwa moja. Fungua Control Panel, ingia "Power Options", bonyeza "Choose what the power buttons do", kisha "Change settings that are currently unavailable", na uondoe alama kwenye "Turn on fast startup". Ukiwa hapo hapo, weka alama kwenye "Hibernate" ili ionekane kwenye menyu ya kuzimia. Utaihitaji.

Wakati mwingine faili la hiberfil.sys lenyewe limeharibika kwa sababu umeme ulikatika mashine ikiwa inaliandika. Andika cmd kwenye menyu ya Start, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

powercfg /h off

Fanya Restart, fungua tena dirisha lile lile, andika:

powercfg /h on

Faili la zamani limefutwa na jipya limetengenezwa. Kwa kawaida linachukua takriban asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, kwa hiyo mashine yenye RAM ya GB 8 inahitaji zaidi ya GB 3 zilizo wazi kwenye diski.

Draiva ya picha, mshukiwa wa kwanza

Kioo cheusi, rangi zilizovurugika, mistari, au kioo kinachowaka na kuzima baada ya kuamka: mara nyingi mzizi ni draiva ya picha. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kompyuta nyingi za majumbani Mwanza ni za ofisini zilizotumika Ulaya au Uarabuni, zikaletwa, zikafutwa na kuwekewa Windows upya kwa flashi ile ile inayotumika kwa mashine za kila aina. Windows ikikosa draiva halisi inaweka ya kubahatisha.

Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, chagua "Device Manager", fungua "Display adapters". Ukikuta jina la Intel, AMD au NVIDIA, vizuri. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva halisi haipo. Dalili nyingine ya hali hiyo ni kwamba neno Sleep halionekani kabisa kwenye menyu ya kuzimia, kwa sababu draiva hiyo ya msingi haiwezi kulala.

Hakikisha kwa amri hii, kwenye dirisha lile la cmd:

powercfg /a

Itakuorodheshea namna za kulala ambazo mashine yako inaziweza, na chini yake zile isizoziweza pamoja na sababu. "Standby (S3)" ni usingizi ule wa kawaida. "Standby (S0 Low Power Idle)" ni ule wa nusu macho. Ukiona sababu inataja "graphics", umeshampata mshukiwa.

Tafuta draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, ukitumia namba iliyoandikwa kwenye stika ya kasha: Dell wanaiita Service Tag, HP ni Serial Number. Usishushe programu zinazojinadi kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo. Nyingi hukuletea matangazo na balaa nyingine. Faili la draiva ya picha mara nyingi ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo kama unatumia bando la simu, subiri bando la usiku.

Kama mashine ilikuwa inaamka vizuri na imeanza kusumbua baada ya apdeti, fanya kinyume: kwenye Device Manager bonyeza kulia kwenye kadi ya picha, chagua "Properties", kichupo cha "Driver", kisha "Roll Back Driver". Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa.

Kwa mashine za zamani kuna ukweli mmoja wa kuzingatia. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa ujumla prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine za kizazi cha tatu na cha nne. Inawaka, inafanya kazi, lakini mtengenezaji hakuwahi kuiandalia draiva, na usingizi ndipo kasoro hiyo inapojitokeza mapema. Mashine ya namna hiyo usipoteze nguvu kuifundisha Sleep. Iwekee Hibernate, na Hibernate nayo ikigoma, izime ukimaliza kazi.

Umeme

Mashine ikiamka ikiwa tupu, kana kwamba imewashwa upya, usidhani Windows imekudhulumu. Andika eventvwr.msc kwenye Start, fungua "Windows Logs", kisha "System", utafute tukio lenye jina "Kernel-Power" na namba 41. Maana yake mashine iliwaka bila kuzimwa inavyopaswa. Linganisha muda wake na wakati umeme uliporudi mtaani. Vikilingana, draiva zako hazina kosa.

Sasa kuna kisa kingine ambacho hakitazamwi. Kompyuta inafanya kazi kutwa nzima bila shida, ukiizima na kuiwasha inawaka, lakini ukiilaza haiamki, au inaamka ikijiwasha upya. Umebadilisha draiva, umebadilisha kila kitu. Hapo angalia pawasapulai, lile kasha la umeme ndani ya kompyuta. Wakati wa Sleep, RAM hulishwa na njia ndogo ya pembeni ya volti 5, tofauti na zile zinazoendesha mashine ikiwa macho. Kapasita za njia hiyo, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme, zikichoka, mashine iliyo macho haitakuonyesha dalili yoyote. Inayolala ndiyo inayoumia. Umeme unaopanda na kushuka ndio unaozichosha mapema. Fundi akiwa na pawasapulai nyingine ya kujaribia, ni kazi ya muda mfupi kuthibitisha. Usilifungue kasha hilo mwenyewe. Kapasita zake hubaki na umeme hatari hata waya ukishachomolewa.

Jioni, watu wote wamerudi na majiko yamewashwa, taa zikififia ujue volti imeshuka. Mashine inayoamka inahitaji umeme mwingi kwa ghafla, na pawasapulai dhaifu inaweza kushindwa hapo hapo. Ukiona mashine inagoma kuamka jioni tu na asubuhi inaamka, ipime soketi kwa mita. Kiwango chetu ni volti 230. Kama inashuka mno, unahitaji stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti.

Ukitaka kuilinda kompyuta ya mezani, UPS ndogo ndiyo matumizi bora ya fedha yako, hata ikikupa dakika kumi tu za kuhifadhi kazi. Usiifananishe na friji gadi: friji gadi huchelewesha umeme unaporudi, jambo zuri kwa friji, lakini haina betri na haiwezi kuishikilia RAM. Na radi za ziwani zikianza, zile za usiku wa manane na alfajiri, chomoa waya ukutani, pamoja na waya wa ruta. Kama umeilaza kwa Hibernate, unachomoa bila wasiwasi wowote.

Laptopu inayopoteza kazi ikiwa imelala, ipime betri. Kwenye dirisha lile la amri andika:

powercfg /batteryreport

Itatengeneza faili la battery-report.html na kukuonyesha liko wapi. Lifungue, linganisha "DESIGN CAPACITY" na "FULL CHARGE CAPACITY". Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka, na laptopu hiyo uichukulie kama kompyuta ya mezani.

Intaneti haipo baada ya kuamka

Kabla hujagusa kompyuta, ichukue simu. Nyumba nyingi intaneti inatoka kwenye simu ya mmoja wa familia, na simu nyingi huzima hotspot zenyewe baada ya dakika chache zikiona hakuna aliyeunganishwa. Kompyuta ikilala, simu inahesabu kwamba hakuna mtu, inazima. Kompyuta ikiamka haioni kitu na inalaumiwa bure. Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya hotspot na uzime ile ya kujizima yenyewe.

Kama unatumia ruta na vifaa vingine vinapata intaneti, basi ni kadi ya waifai. Washa "Airplane mode", subiri sekunde tano, izime. Ikirudi, umepata nafuu ya leo. Ili isirudie, ingia Device Manager, "Network adapters", bonyeza kulia kwenye kadi yenye neno Wi-Fi au Wireless, "Properties", kichupo cha "Power Management", uondoe alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Kichupo hicho kisipokuwepo, mara nyingi mashine yako ni ya usingizi wa nusu macho, na dawa ni draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji.

Modemu ya USB ikipotea, ichomoe na kuichomeka tundu jingine. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenyewe.

Kuna hali moja inayotatanisha: intaneti ipo, lakini kila tovuti inadai si salama. Angalia saa na tarehe. Zikiwa zimerudi nyuma miaka, betri ndogo ya mazabodi imekufa. Ni ile ya duara inayofanana na sarafu, CR2032, ya volti 3, na hupatikana kwa mafundi saa na simu. Badilisha, rekebisha saa. Kwenye Windows majira yetu utayakuta kwenye mstari wenye "Nairobi", UTC+03:00.

Mausi, kibodi na sauti

Hizi ni nyepesi. Mausi na kibodi za USB zikifa baada ya kuamka, chomoa, chomeka tundu jingine. Kisha, kule kule Power Options, fungua "Change advanced power settings", tafuta "USB settings", zima "USB selective suspend setting". Zikiwa hazina uwezo wa kuiamsha mashine kabisa, nenda Device Manager, kwenye "Keyboards" au "Mice", kichupo cha Power Management, weka alama kwenye "Allow this device to wake the computer".

Sauti ikipotea, bonyeza alama ya spika uone imeelekezwa wapi. Mara nyingi imehamia kwenye monita ya HDMI isiyo na spika. Kama iko sahihi, andika services.msc, tafuta "Windows Audio", bonyeza kulia, "Restart".

Inaamka yenyewe usiku

Taa ya monita inamulika chumba kizima saa tisa usiku na hakuna aliyeigusa. Asubuhi, kabla hujafanya kitu kingine, andika:

powercfg /lastwake

Itakutajia kilichoiamsha, kama inakijua. Kikiwa mausi, kiondolee ruhusa kule kule Device Manager. Kikiwa kadi ya mtandao, fanya vivyo hivyo kwa kadi. Amri nyingine, powercfg /waketimers, huonyesha programu zilizopanga kuiamsha mashine kwa saa maalumu, na unaweza kuzizuia zote kwa kuweka "Allow wake timers" kuwa "Disable" kwenye mipangilio ile ya juu ya umeme.

Lakini huku kwetu chunguza kwanza jambo hili: je, umeme ulikatika na kurudi? Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini zimewekwa kwenye bayosi (BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka) zijiwashe zenyewe umeme unaporudi, maana huko zilikuwa zinategemewa asubuhi. Ingia bayosi wakati wa kuwasha, kwa F2 kwenye Dell na F10 kwenye HP nyingi, utafute mstari wenye maneno "AC Recovery" au "After Power Loss", uweke "Off". Mpangilio huo unaiwasha mashine dakika ile ile umeme unaporudi, wakati volti bado haijatulia, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuiwasha.

Laptopu inayochemka ndani ya begi

Umefunga kifuniko, umeitia begini, umepanda meli ya kwenda Nansio. Unafika Ukerewe unaitoa ikiwa ya moto na betri imebaki kidogo. Hiyo ni laptopu ya usingizi wa nusu macho: ndani ya begi ilikuwa inafanya kazi na feni haikuwa na pa kutolea joto. Amri ya powercfg /sleepstudy hutengeneza ripoti inayoonyesha kila kipindi cha usingizi na kilichokula betri. Lakini dawa fupi ni kwenda kule kwa "Choose what the power buttons do" na kuweka "When I close the lid" kuwa Hibernate.

Mpangilio ninaoupendekeza

Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kioo kizime chenyewe baada ya muda, Sleep isitumike kabisa, na mashine iende Hibernate baada ya nusu saa ya kutoguswa. Amri tatu zinatosha:

powercfg /change monitor-timeout-ac 10

powercfg /change standby-timeout-ac 0

powercfg /change hibernate-timeout-ac 30

Namba ni dakika, na sifuri maana yake kamwe. Kwa mwalimu anayechapa mitihani au mtoto anayeandika kazi ya chuo, kusubiri kidogo asubuhi mashine iamke kuna nafuu kubwa kuliko kuanza upya kurasa zilizopotea.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Safisha. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaojaa kwenye taa hufia ndani ya kompyuta pia, wakichanganyika na vumbi la barabara wanaziba feni. Zima kabisa, chomoa waya, fungua ubavu wa kasha, shika chuma cha kasha ili mwili wako uachie umeme tuli, kisha piga vumbi kwa brashi laini. Chomoa kipande cha RAM, sugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, futa ungaunga, kirudishe mpaka usikie vishikizo vimelia tik. Unyevu wa ziwani huacha utando kwenye meno hayo, na RAM isiyokaa sawasawa ni sababu halisi ya mashine kuganda ikiamka. Ukimaliza andika mdsched.exe kwenye Start uipime RAM.

Bado? Mpelekee fundi maelezo, asibahatishe. Usimwambie tu "Kaka, imekufa." Mwambie: "Fundi, nikiizima kabisa inawaka vizuri. Nikiilaza haiamki, taa ya Caps Lock haibadiliki, taa ya monita ni ya njano. Ilianza umeme ulipokatika Jumapili. Draiva ya picha nimeshabadilisha." Maneno hayo machache yanamwondolea nusu ya kazi, na yanakuepusha kulipia kufutiwa Windows bila sababu.

Kama ni Windows 11 na unaingia kwa akaunti ya Microsoft, kabla hujaiacha kwake angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalozuia diski isisomeke bila namba ya siri. Mara nyingi hujifunga yenyewe bila wewe kuombwa ruhusa, na fundi akigusa bayosi au kubadilisha mazabodi, mashine itadai namba ya siri yenye tarakimu 48. Fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey kwenye simu yako, uinakili kwenye karatasi, ubaki nayo wewe nyumbani. Akiihitaji atakupigia.